Juu ya Hela ya Tabora, na Hazina Isiyokuwako



Yako maneno mawili yatembeayo vijijini mwetu, na yote mawili yanatupotosha. La kwanza lasema ya kwamba Wadachi, walipokimbia katika vita vya 1914 hadi 1918, waliizika dhahabu yao katika nchi hii, nayo ingali ardhini ikimngoja mtu mwenye bahati na jembe. La pili lasema ya kwamba sarafu kuukuu ikionekana nyumbani haina kazi ila kuuzwa kwa mgeni wa kwanza apitaye akiuliza. Neno la kwanza lawachimbisha watu mahali pasipo kitu. Neno la pili lawafanya watoe kwa bei ya kilo ya sukari kitu walicho nacho kweli. Nataka kuyapinga yote mawili, nami nawaomba mnisikilize mpaka mwisho ndipo mniamue.

Tuitazame kwanza sarafu yenyewe, maana si vema kubishana juu ya kitu ambacho hatukukijua. Ile ionekanayo mara nyingi ni ya hela 20, nayo ni ya shaba nyekundu au ya shaba ya manjano. Ina taji, na herufi D.O.A., maana yake Afrika ya Mashariki ya Wadachi, na mwaka 1916. Upande wa pili imeandikwa thamani yake ndani ya duara ya majani. Tena ina herufi moja ndogo, T, ambayo wengi hawaioni. Herufi ile ndogo ndiyo yenye habari kubwa, kwa kuwa T ni Tabora. Sarafu hiyo haikutoka Ulaya katika meli. Ilipigwa hapa barani, katika mji ambao sisi wa Mishamo twaufikia kwa kushika njia ya Mpanda na kupanda gari la moshi lipitalo Kaliua.

Kwa nini ilipigwa Tabora? Kabla ya vita fedha yote ya Wadachi ilitoka kwao. Rupia ya fedha ilikuwa na kichwa cha mfalme wao, Wilhelm wa pili, amevaa kofia ya vita, na kumzunguka maneno ya Kilatini yamwitayo imperator, kama walivyoitwa watawala wa Rumi. Hata cheo chake, Kaiser, ni neno lile lile la Kaisari tulijualo katika Injili. Tangu 1904 rupia moja iligawanywa katika hela 100. Zamani yake iligawanywa katika pesa 64. Vita vilipoanza Agosti 1914, manowari za Waingereza ziliiziba pwani, na fedha mpya haikuweza kufika. Watu wakazificha rupia zao za fedha, kwa kuwa kila mwenye akili huficha kilicho imara zama za mashaka. Serikali ikatoa noti za karatasi hafifu, lakini watu hawakuziamini. Basi 1916 mafundi katika karakana ya reli ya Tabora waliamriwa kupiga sarafu. Walipata shaba mahali pengi, hata maganda ya risasi na mizinga yakayeyushwa. Dhahabu ilitoka katika machimbo ya Sekenke, upande wa Iramba.

Hesabu zake zajulikana. Hela 20 zilipigwa zaidi ya 1,600,000. Hela 5 zilipigwa zaidi ya 300,000. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake, ilipigwa 16,198 tu. Kisha tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na habari ya sarafu za Tabora ikaisha. Serikali iliyojiita ya Kaisari ilikuwa na karakana yake ya fedha kwa muda wa miezi tu.

Kwa sababu ya uchache huo wa siku, wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya na Marekani waipenda mno fedha ya Tabora. Ni tabia yao ya zamani. Mfalme aliyetawala miaka 40 aliacha sarafu nyingi, na kila mtu aweza kuwa nayo. Mtu aliyejiita mfalme kwa siku chache aliacha chache, na kila mkusanyaji huzitamani. Ufupi wa enzi yake huwa ndio bei ya fedha yake. Mimi siwalaumu kwa kupenda kujua. Lakini iko tofauti kati ya mtu akusanyaye ili ajue na mtu akusanyaye ili awe nacho ambacho jirani yake hana, na tofauti hiyo ndiyo shina la neno langu la leo.

Nitatoa mfano wa Rumi yenyewe, kwa kuwa ndiko mambo haya yalikoanza. Katika karne ya tatu baada ya Kristo dola ya Rumi ilipasuka vipande, na maakida wengi wa jeshi walijitangaza kuwa makaisari, mmoja mwezi huu na mwingine mwezi ujao. Mmojawapo aliitwa Domitianus, aliyejitokeza katika nchi ya Gallia, yaani Ufaransa ya leo, yapata mwaka 271. Siku zake zilikuwa chache hata waandishi wa kale hawakumwandika kama mfalme. Walimtaja akida mmoja wa jina hilo, basi. Mwaka 1900 ilionekana Ufaransa sarafu moja yenye kichwa chake na jina lake. Wenye elimu waliitazama wakatikisa vichwa. Wakasema, Huyu hakuwako. Mtu fulani ameichezea sarafu hii apate kutudanganya. Ikakaa katika nyumba ya makumbusho ya mji wa Nantes muda wa miaka 100 na zaidi, ikihesabiwa kuwa ya uongo.

Mwaka 2003 mtu mmoja aliona chungu cha kale katika shamba la Chalgrove, nchi ya Uingereza. Ndani yake mlikuwa na sarafu za Kirumi karibu 5,000, zimeshikamana kwa kutu kama donge la udongo. Hakuzipasua, wala hakuziuza moja moja sokoni. Zilipelekwa zima kwa mafundi wa makumbusho, wakazitenganisha polepole, na kati yake ikatoka sarafu ya pili ya Domitianus. Walipoilinganisha na ile ya Nantes, wakaona zimepigwa kwa chapa zile zile. Basi mtu aliyekuwa amefutwa akarudi katika hesabu ya historia. Ile sarafu ya kwanza nayo ikatoka katika aibu yake.

Fikirini, ndugu zangu, ni nini kilichomwokoa Domitianus. Hakuokolewa na dhahabu, kwa kuwa sarafu zake zilikuwa za shaba yenye fedha kidogo tu. Aliokolewa na jambo moja: sarafu ile ya pili ilikutwa pamoja na wenzake, mahali pajulikanapo, na aliyeikuta hakuivunja habari yake. Lau angalikigawa kile donge kwa wachuuzi kumi, sarafu ya pili ingaliitwa ya uongo kama ile ya kwanza.

Na mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 1984, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, palionekana akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya masultani wa pwani yetu ya kale. Pamoja nazo zilikuwako dinari chache za dhahabu za makhalifa wa Misri. Zile dinari zilikuwa na tarehe zake; na kwa kuwa zilikutwa mahali pamoja na zile za fedha, wataalamu waliweza kusema ya kwamba masultani wale walipiga fedha yao katika karne ya 11. Dinari ilimtolea ushahidi jirani yake. Kama mtu angalizitoa zile za dhahabu usiku akaziuza, zile za fedha zingalibaki mabubu.

Basi sasa nalijia lile neno la kwanza, neno la hazina ya Wadachi. Twawaona vijana wenye nguvu, waliosoma, wakiacha mashamba ya mahindi na tumbaku, wakimfuata mtu mwenye ramani iliyochorwa jana na kupakwa moshi ili ionekane kuukuu. Huwaambia ya kwamba chini ya mti fulani, au chini ya kaburi fulani, pana sanduku. Hudai kuku, kisha mbuzi, kisha fedha taslimu ya kuondoa laana. Wako na wasemao kwamba rupia ya kale ina nguvu ya siri, na mwenye kuipata hatajua tena umaskini. Nami nawauliza hao maswali matatu, wayajibu wakiweza.

Swali la kwanza ni la hesabu. Sarafu moja ya dhahabu ya Tabora ina uzito wa gramu 7 na kitu. Zidisheni kwa 16,198. Mtaona ya kwamba dhahabu yote iliyopigwa Tabora, kila sarafu pasipo kubakiza hata moja, haifikii kilo 120. Wapagazi watano wangaliweza kuibeba yote kwa safari moja. Imekuwaje basi mzigo wa watu watano uwe umezikwa chini ya kila kilima, tangu Kigoma hata Lindi? Tena nyingi katika hizo zimo leo katika makabati ya wakusanyaji na makumbusho ng'ambo, zahesabika na kuuzwa mnadani. Kilichoko katika kabati la Berlin hakiwezi kuwako pia chini ya mbuyu wa kijiji chetu.

Swali la pili ni la kodi. Mwafrika wa siku zile alitozwa kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka katika sehemu nyingi za mashamba, na wengi waliziona ngumu kupatikana. Sarafu moja ya tembo ni rupia 15, yaani kodi ya miaka mitano. Ni babu wa nani aliyekuwa na kodi ya miaka mitano katika kitambaa chake, akaisahau? Fedha ile ilikuwa ya wakubwa. Fedha ya babu zetu ilikuwa hela ya shaba, nazo hela 20 zilihitajiwa 15 ili kodi itimie.

Swali la tatu ni la akili tu. Wadachi walipozidi kurudi nyuma kuelekea kusini, mwaka 1917, walikuwa wakipiga noti porini kwa mihuri ya mpira, kama mtoto achezaye. Ndivyo afanyavyo mtu mwenye masanduku ya dhahabu? Jeshi lao lilivuka Ruvuma likaingia nchi ya Wareno, kisha likaingia Rhodesia ya Kaskazini, likaweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo waitwa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Walikuwa wamekwisha kula kila walichoweza kula na kutumia kila walichoweza kutumia. Tena nchi yetu hii ya Mishamo ilikuwa nini? Wazee wetu walipoletwa hapa 1978, baada ya kuikimbia Burundi mwaka 1972, waliingia katika msitu na mbung'o. Walifyeka wenyewe, wakajenga wenyewe. Boma la Mdachi halikuwako. Mtu atuambiaye ya kwamba hazina iko chini ya migomba yetu anamcheka mzee aliyeipanda.

Najua mtajibu kwamba mtu fulani, mahali fulani, alipata. Kila uongo wa namna hii una mtu wake fulani, naye siku zote hukaa wilaya nyingine. Lakini makaburi yaliyofukuliwa twayaona kwa macho. Visima vilivyoachwa wazi, na watoto na mbuzi wakitumbukia, twaviona. Tumekosa adabu kwa wafu tukiwatafuta watu waliotutawala.

Neno la pili ni gumu zaidi kulipinga, kwa kuwa wenye kulisema hawana ubaya. Mama ana sarafu ya hela 20 katika kibweta, aliyoachiwa na bibi yake. Anapita mchuuzi akiuliza vitu vya kale. Mama ana mtoto mgonjwa, au ada ya shule, au chumvi imekwisha. Akiiuza, nani atamlaumu? Mwalimu mwenye mshahara wa mwezi asimame mlangoni kumwambia kwamba historia ni tamu kuliko uji? La, sitasema hivyo.

Lakini nitasema mambo mawili. La kwanza: mchuuzi hawezi kukutajirisha kwa hela 20 ya Tabora, maana sarafu iliyopigwa zaidi ya mara milioni moja na nusu si adimu. Akikuambia ni adimu sana, adanganya ili umwonyeshe na nyingine. Akikuambia haina thamani hata kidogo, kwa nini basi amekuja kwa pikipiki na vumbi lote hili kuitafuta? Na akija na sarafu ya tembo akitaka kukuuzia wewe, kimbia, kwa kuwa wako mafundi wa kuziiga, na macho ya mkulima hayakufunzwa kuzitambua.

La pili ndilo kubwa. Unapoiuza, wauza vitu viwili kwa bei ya kimoja. Wauza shaba, nayo ni haki yako. Wauza na habari yake, nayo hukulipwa. Bibi aliipata kwa nani? Alilipwa mumewe kwa kubeba mizigo? Iliuzwa mbuzi? Ilitoka Tabora, au Ujiji, au Kitega? Mchuuzi hayaulizi hayo, kwa kuwa mnunuzi wake wa mbali hataki bibi yako. Ataka taji, mwaka na herufi T. Sarafu itawekwa katika karatasi safi, itapewa namba, na bibi yako atakuwa amekufa mara ya pili.

Nanyi jueni ni habari ya watu gani tunayoipoteza. Katika vita vile mizigo ya majeshi ilibebwa kwa vichwa na mabega ya Waafrika. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao huhesabiwa kuwa karibu laki moja, wengi kwa ugonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Upande wa Wadachi hesabu haikuandikwa vema. Wabelgiji nao waliwachukua wapagazi kwa maelfu na maelfu walipoijia Tabora. Soko la Kariakoo huko Dar es Salaam lina jina la kambi ya wapagazi hao hata leo, na mamia ya watu hununua vitunguu pale kila saa pasipo kujua kwamba wanalitaja jeshi la wafu. Majina yao hayako katika mawe wala katika vitabu. Mara nyingine kitu kimoja tu kilichosalia cha mtu wa namna hiyo ni hela moja katika kibweta cha mjukuu wake.

Wako rafiki zangu, walimu wenzangu, wanaonipinga kwa njia nyingine. Wao husema, Kwa nini tutunze taji la mtu aliyetutawala kwa kiboko? Alama ya aibu na itupwe. Nawaheshimu, lakini nasema wamekosea. Tukitupa sarafu, taji halitaumia. Wilhelm wa pili aliacha ufalme Novemba 1918, akafa ugenini katika nchi ya Uholanzi mwaka 1941, wala hajui kama tumeitupa. Atakayeumia ni mpagazi, kwa kuwa taji lile ndilo ushahidi wake kwamba alilazimishwa, na shaba ile ndiyo ushahidi wa ujira aliolipwa. Mshitaki hachomi moto hati ya madai yake.

Tena hatuwezi kuitupa hata tukitaka, kwa sababu imekwisha kuingia katika vinywa vyetu. Mtu akikosa fedha leo husema, Sina hela. Neno hilo ni jina la sarafu ya Wadachi. Na wazee wetu waliotoka Burundi, nchi iliyokuwa chini ya Mdachi yule yule, fedha waiita amahera. Nalo ni neno hilo hilo lililovaa nguo ya Kirundi. Enzi ile ilidumu miaka 30 na kitu. Taji lilianguka, rupia ikaondoka, ikaja shilingi, lakini jina la sarafu ndogo kuliko zote likabaki pande zote mbili za mpaka. Mtoto wa Mishamo, ambaye babu yake alizaliwa Burundi na ambaye wazazi wake ni miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliopewa uraia wa Tanzania, anaweza kuambiwa na mtu asiye na adabu kwamba hana historia katika nchi hii. Mwekeeni hela ya Tabora mkononi. Fedha ile ilipita katika soko la Kitega na katika soko la Tabora kabla ya mpaka huu kuwako. Hiyo ni hoja ambayo hakuna awezaye kuifuta.

Basi tufanye nini? Sipendi makala inayokemea kisha ikaondoka. Kazi ninayoishauri haina gharama ila daftari moja, na kila shule na kila parokia yaweza kuianza.

Mtu akiwa na sarafu ya kale, na ailete kwa mwalimu aionyeshe, kisha arudi nayo nyumbani kwake, haitachukuliwa. Mwalimu aweke karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa penseli polepole, upande mmoja na upande wa pili, mpaka sura yake itokee. Hiyo ni picha isiyo na gharama, na mtoto wa darasa la tatu aweza kuifanya. Chini ya picha iandikwe nani aliyeileta, alipewa na nani, ilikuwa katika nyumba au iliokotwa shambani, na wazee wa nyumba ile husema nini juu yake. Wasipojua, iandikwe kwamba hawajui, na tusitunge. Sarafu isisuguliwe kwa majivu wala mchanga wala ndimu ili ing'ae, kwa maana anayeing'arisha anazifuta herufi. Isitobolewe, wala isiyeyushwe kuwa pete.

Na mtu akikuta chungu au mkoba wenye sarafu nyingi pamoja, asizigawe. Aziache kama zilivyo, aweke alama mahali pale, awaite mwenyekiti wa kijiji na mwalimu, nao wampelekee habari afisa utamaduni wa wilaya. Serikali ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, tena ina Makumbusho ya Taifa. Vitu vya namna hii vina wenyewe wa kuvitazama. Kumbukeni chungu cha Chalgrove na akiba ya Mtambwe Mkuu.

Je, mama wa kibweta atakatazwa kuuza? Hatakatazwa. Akiwa na shida na auze, mali ni yake. Lakini aipitishe kwanza shuleni isuguliwe na kuandikwa, jambo la robo saa. Hapo mchuuzi atanunua shaba, na habari itabaki kijijini. Tena namtazamia mama atakapomsikia mwanawe akiisoma habari ya bibi yake kwa sauti mbele ya darasa. Yamkini atairudisha sarafu katika kibweta akatafuta chumvi kwa njia nyingine. Na asipoirudisha, hatumdai neno.

Najua ya kwamba wachimbaji watanicheka. Watasema mwalimu ana daftari, wao watakuwa na sanduku la dhahabu. Vema. Sisi na tuanze mwezi huu, wao na waendelee. Baada ya mwaka mmoja tukutane mbele ya wazee, kila upande ulete ulichopata: wao walete dhahabu yao, nasi tutaleta majina ya watu wetu. Wazee ndio watakaoamua ni nani aliyechimba mahali palipo na kitu.